Cha-cha-cha Ilianzia Wapi?

Kila inapokaribia tarehe 24 Oktoba, siku ya uhuru wa Zambia, sisi tunaoshughulikia uhusiano jeshini huulizwa na vijana wetu swali lile lile: Cha-cha-cha ya mwaka 1961 ilianza lini, ilianzia wapi, na ni nani aliyeianza? Safari hii tuliulizwa hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, na koplo mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake ya doria. Tukamjibu bila kusita, kama tulivyofundishwa shuleni: ilianzia Mulungushi, Julai 1961, katika mkutano mkuu wa chama cha UNIP. Tukadhani tumemaliza.

Karibu nasi walikuwapo wazee wawili waliokaa kivulini wakiwatazama wanawake wakianika chisense juu ya mchanga. Mmoja akatikisa kichwa kukubali. Wa pili akacheka.

"Mwanangu," akasema huyo aliyecheka, kwa Kiswahili cha ng'ambo, cha Kilwa na Pweto, "hiyo Mulungushi sisi tuliisikia tukiwa tumekwisha kukimbilia porini."

"Uwongo huo," mwenzake akamkatiza. "Ujumbe uliletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kawambwa. Baiskeli yenyewe niliiona mimi kwa macho yangu."

Wazee hao wote wawili wamepita umri wa miaka themanini. Tuliambiwa na vijana wa pale kwamba wamekuwa wakibishana juu ya jambo hilo kwa miaka zaidi ya sitini, na kwamba siku wasipobishana watu huuliza kama mmoja wao ni mgonjwa. Koplo wetu alitabasamu, kisha akatutazama sisi, kana kwamba anangoja tuamue. Hatukuamua. Lakini tangu siku ile tumelifikiria jambo hili kwa uzito, kwa kuwa "nani aliyeanza?" ni swali la kila siku katika kazi yetu sote tuliovaa sare. Askari polisi afikapo mahali palipotokea ghasia, hilo ndilo swali la kwanza linalomtoka kinywani, na jibu analoandika katika kitabu cha matukio aghalabu ndilo litakalonakiliwa na mkubwa wake, kisha na gazeti, kisha na mwandishi wa vitabu, hadi kufikia darasani kwa mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Yafaa kwanza tuyakumbuke mambo yasiyobishaniwa. Mwaka 1953 Waingereza waliiunganisha Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini pamoja na Nyasaland katika Shirikisho la Afrika ya Kati, ingawa Waafrika walio wengi walilipinga Shirikisho hilo tangu siku ya kwanza. Mnamo Oktoba 1958 Kenneth Kaunda na wenzake walijitenga na chama cha ANC cha Harry Nkumbula, wakaunda chama cha ZANC. Machi 1959 chama hicho kikapigwa marufuku na viongozi wake wakapelekwa sehemu za mbali. UNIP ilizaliwa mwaka huo huo wa 1959, na Kaunda, alipotoka kifungoni, akawa kiongozi wake Januari 1960. Mwezi Februari 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa mapendekezo ya katiba mpya yaliyowapa Waafrika tumaini. Mwezi Juni, baada ya mashinikizo ya Roy Welensky na wazungu wa Shirikisho, mapendekezo hayo yakapinduliwa kwa namna iliyolifisha tumaini lenyewe. Julai UNIP ikakutana Mulungushi, karibu na mji wa Kabwe, ambao zamani hizo uliitwa Broken Hill. Hapo Kaunda akatangaza kwamba anao mpango mkuu wa kuing'oa serikali ya kikoloni, hatua kwa hatua, bila kumwaga damu.

Kisha kukawaka moto. Katika majimbo ya Kaskazini na Luapula miti iliangushwa barabarani, madaraja yakavunjwa, shule zikateketezwa. Watu walikusanya vitambulisho vyao, vile walivyoviita ifitupa, ndugu yake kile kipande kilichotundikwa shingoni mwa Mwafrika wa Kenya, wakavitia moto hadharani. Polisi na askari wakapelekwa. Mwezi Agosti UNIP ikapigwa marufuku katika majimbo hayo mawili. Kabla ya mwisho wa Machi 1962 London ilikuwa imeibadilisha katiba tena, safari hii kwa manufaa ya Waafrika. Uchaguzi ukafanyika Oktoba mwaka huo, na miaka miwili baadaye bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Hata jina lenyewe lina mabishano. Cha-cha-cha ilikuwa ngoma ya dansi iliyovuma miaka ile. Wengine husema viongozi waliahidi kumchezesha mkoloni dansi hiyo mpaka achoke; wengine hukumbuka kwamba mwaka 1960 bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa imetoa wimbo wa Indépendance Cha Cha, kule Brussels ambako viongozi wa Kongo walikuwa wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru wao, na wimbo huo haukujua mipaka. Mtu aliyekaa Nchelenge, akiitazama Kongo ng'ambo ya maji, ana haki ya kudhani kwamba jina lilivuka ziwa kwa mtumbwi. Sisi hatutagombana naye.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mara baada ya ghasia kutulia, serikali ya kikoloni ilichapisha kitabu chake rasmi cha maelezo ya machafuko ya Julai hadi Oktoba 1961. Kwa serikali, mwanzo ulikuwa mmoja na ulijulikana: Mulungushi, hotuba, makatibu wa chama waliokwenda vijijini kuwachochea watu waliokuwa wametulia. UNIP nayo ikatoa kijitabu chake mwaka huo huo, A Grim Peep into the North, kilichosimulia mateso ya wanavijiji mikononi mwa vikosi vya serikali. Kwa chama, mwanzo ulikuwa mwingine kabisa: watu walikuwa wakidai haki zao kwa amani, dola ikawapiga, nao wakajibu. Vitabu viwili, mwaka mmoja, majimbo yale yale, na mianzo miwili isiyoweza kukaa katika chungu kimoja.

Mtu angetarajia kwamba uhuru ulipopatikana, maelezo ya mkoloni yangetupwa na maelezo ya chama yangeshika nafasi yake. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo penye jambo ambalo twataka ndugu zetu askari walitafakari. Baada ya mwaka 1964 mshindi aliyachukua maelezo ya mkoloni akayafanya yake. Mpango mkuu wa Mulungushi, ambao mwaka 1961 ulikuwa shtaka, sasa ukawa nishani. Yule katibu wa tawi ambaye mbele ya hakimu aliapa kwamba hakumwagiza mtu yeyote kukata mti, mbele ya kamati ya sherehe aliapa kwamba ni yeye aliyewaagiza wote. Wala hatusemi kwamba alikuwa mwongo mara zote mbili, au hata mara moja. Twasema tu kwamba mbele ya hakimu neno "niliagiza" lilikuwa na bei ya kifungo, na mbele ya kamati lilikuwa na bei ya heshima, na pengine ya leseni ya duka au kazi katika halmashauri. Mwanahistoria Giacomo Macola, katika makala aliyoyatoa mwaka 2006 juu ya Luapula ya miaka 1964 hadi 1966, ameeleza jinsi matumaini makubwa ambayo watu wa jimbo hili waliyaweka katika uhuru yalivyovunjika upesi. Waliotoa jasho walingojea malipo. Na katika foleni ya malipo, nani alianza si swali la wasomi. Ni swali la nani asimame mbele.

Hali hii si ya Luapula peke yake. Katika visiwa vya Ufilipino, mapinduzi dhidi ya Wahispania yalianza Agosti 1896 kwa tendo ambalo mzee yeyote wa Nchelenge angelitambua mara moja: wanachama wa Katipunan, chini ya Andrés Bonifacio, walizichana karatasi zao za kodi, zile cedula ambazo kila mtu alilazimika kuwa nazo. Karatasi zilichanwa, hilo halina shaka. Lakini zilichanwa wapi? Wengine wasema Balintawak, wengine Pugad Lawin, wengine Kangkong, wengine Bahay Toro. Na lini? Zipo hoja za tarehe 23, 24, 25 na 26. Mnara wa kumbukumbu ulijengwa Balintawak mwaka 1911, na kwa miaka mingi sherehe zikafanyika tarehe 26. Mwaka 1963 Rais Diosdado Macapagal akatangaza kwamba tendo hilo lilitokea Pugad Lawin tarehe 23. Mabishano hayakwisha kwa tangazo.

Miongoni mwa mashahidi wao yumo daktari Pio Valenzuela, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Katipunan. Alipohojiwa na Wahispania mwaka ule ule wa 1896, alitaja Balintawak na tarehe 26. Miaka mingi baadaye, alipoandika kumbukumbu zake akiwa mtu huru, alitaja Pugad Lawin na tarehe 23. Na ushahidi mwingine unaotumiwa hadi leo ni taarifa ya Olegario Díaz, kamanda wa kikosi cha polisi cha Wahispania mjini Manila, aliyeandika Balintawak, tarehe 25. Ndugu polisi, litazameni jambo hilo vizuri. Afisa wa dola iliyoshindwa, aliyekuwa akiwatafuta watu hao ili wanyongwe, ndiye anayenukuliwa leo na wajukuu wa watu hao wanapotaka kujua siku yao ya heshima. Bila shaka hakuwahi kufikiri kwamba angesomwa nao.

Karibu zaidi na nyumbani, tunayo Maji Maji. Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliona mkono wa waganga wenye hila waliowalaghai watu wajinga kwa maji ya dawa. Alihitaji maelezo hayo, kwa sababu kama waganga ndio walioanza, basi pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida wake havikuanza. Baada ya uhuru wa Tanganyika wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo G. C. K. Gwassa, walikwenda kuwauliza wazee wa Umatumbi wenyewe. Simulizi zilizokusanywa zasema kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji akawataka watu wangoje. Lakini Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja, na mnamo Julai 1905 wakapanda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Miche michache tu! Kwa kuing'oa walikuwa wametangaza vita. Kinjikitile, ambaye hakutoa amri ya siku ile, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla vita havijaenea hata kwa robo.

Ni dhahiri kwamba Mjerumani alimtafuta mtu mmoja wa kumnyonga. Lakini baadaye nasi, tulipotaka taifa moja lenye shujaa mmoja, tulimtafuta mtu mmoja wa kumjengea sanamu, na tukamkuta yule yule. Nandete ikabaki pembeni katika hadithi zote mbili.

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, tulifanya zoezi la kuvizia usiku, platuni mbili, kwa risasi za baridi. Zoezi liliharibika, milio ilianza kabla ya ishara, na kila upande ukaulaumu upande wa pili. Asubuhi mkufunzi wetu alitaka taarifa nne kutoka kwa watu wanne. Zikaja na saa nne tofauti na wahalifu wanne tofauti. Tulitegemea atuulize nani anasema uwongo. Badala yake alituchukua hadi pale pale kichakani, akamwamuru kila mmoja alale mahali alipokuwa amelala usiku, kisha akafyatua risasi moja kutoka mbali na kutuuliza imetoka wapi. Tulionyesha pande nne. Bonde lilikuwa likiurudisha mlio. Aliyelala juu ya kilima aliusikia mara moja, aliyelala kando ya kijito aliusikia mara mbili, na yule wa mara mbili ndiye aliyekuwa ameapa kwamba adui alianza na wetu wakajibu. Mkufunzi hakuongeza neno. Alituacha turudi kambini kwa miguu, kilomita tisa.

Tangu hapo, tunapopewa maelezo ya mwanzo wa jambo lolote, kabla ya kupima ukweli wake tunajiuliza msemaji alikuwa amelala wapi. Tuitumie kanuni hiyo hapa Mweru.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imelala Lusaka, na masikio yake yalikuwa makachero waliokwenda kwenye mikutano ya hadhara. Ilisikia hotuba, kwa hiyo mwanzo wake ni hotuba. Makao makuu ya chama nayo yalikuwa Lusaka, na habari zilizowafikia ni barua za wanachama waliopigwa na kuchomewa nyumba. Mwanzo wao ni kipigo. Mtu wa ufuoni je? Yeye hakuishi kwa hotuba wala kwa barua. Aliishi kwa samaki. Samaki wa Mweru na mto Luapula walilisha migodi ya Ukanda wa Shaba na ya Katanga tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na serikali haikuacha kuweka mkono wake katika biashara hiyo: ukubwa wa matundu ya nyavu, mahali pa kutega, msimu wa kufunga, ushuru wa soko. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, alikuwa amekwisha kupungua vibaya. Serikali ikawalaumu wavuvi, wavuvi wakawalaumu wafanyabiashara wakubwa na nyavu zao. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kiitwacho Nachituti's Gift, ameonyesha jinsi ziwa hili, machifu wake, nyavu zake na siasa zake zisivyoweza kutenganishwa. Na ng'ambo ya maji, tangu tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilikuwa huru. Siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitenga. Mvuvi wa Nchelenge aliyevuka kwenda Kilwa kuuza pale na chisense aliona kwa macho yake kwamba bendera hushushwa, na kwamba yajayo baada ya kushushwa yaweza kuwa matamu au machungu.

Kwa hiyo yule mzee aliyecheka hakusema upuuzi. Tulipomwuliza baadaye, kwa heshima, alikuwa amelala wapi mwaka 1961, alitueleza kwamba alikuwa kijana akivua katika kisiwa cha Kilwa, na kwamba kwake yeye ugomvi na serikali ulianza siku mjomba wake alipochomewa nyavu ufuoni kwa kosa la matundu madogo. Mwenzake, yule wa baiskeli, alikuwa akifanya kazi katika duka kando ya barabara ya Kawambwa; aliona wajumbe wakipita, akajifunza siasa kwao, na hadi leo anaijua kwa moyo orodha ya viongozi wa mkoa wa wakati ule. Mmoja alilala majini, mwingine barabarani.

Koplo wetu angependa tuamue, basi tuseme lile tunaloliamini. Mkutano wa Mulungushi ulizungumza na nchi nzima. Kama amri ingetosha kuwasha moto, moto ungewaka kila mahali kwa kiasi kimoja. Haukuwaka hivyo, uliwaka zaidi Kaskazini na Luapula, hata serikali ikakipiga chama marufuku huko mahususi. Hotuba haiwezi kueleza tofauti hiyo. Lazima kulikuwa na kuni kavu huku. Lakini kuni hizo zilikuwa kavu mwaka 1959 na mwaka 1960 pia, wala hazikuwaka namna ile. Ugomvi wa nyavu hauwezi kueleza kwa nini ilikuwa Agosti 1961 wala si mwaka uliotangulia. Mulungushi, pamoja na ile katiba iliyogeuzwa mwezi Juni, yatueleza kwa nini ilikuwa wakati ule; ufuo watueleza kwa nini ilikuwa mahali hapa. Wazee wetu wawili wamebishana miaka sitini juu ya swali moja kumbe wanajibu maswali mawili. Hatukuthubutu kuwaambia hivyo. Tungewanyang'anya burudani yao.

Lile tusilolikubali ni maelezo ya serikali ya kikoloni kwamba wanavijiji walikuwa wametulia hadi walipokuja wachochezi. Neno hilo, wachochezi, twalifahamu vyema. Sisi wenyewe tumelitumia.

Miaka michache iliyopita, katika msimu wa kufunga uvuvi, ambao huku huanza Desemba hadi mwisho wa Februari, doria moja ilirushiana mawe na wavuvi katika mwalo mmoja wa ziwa hili. Hakuna aliyekufa, askari mmoja alipasuliwa nyusi na kijana mmoja alivunjika mkono. Tukaletewa habari kwa redio ya jeshi jioni, tukatakiwa kutoa taarifa kwa magazeti kabla ya saa mbili usiku. Tuliandika kwamba wavuvi walichochewa na watu kutoka nje ya eneo hilo. Hakuna mtu aliyetuambia habari ya watu kutoka nje. Hawakuwamo katika ujumbe wa redio. Sentensi ile ilikuja yenyewe mkononi, kwa kuwa ilikuwamo katika taarifa iliyotangulia, na katika iliyoitangulia hiyo, na tunashuku kwamba tukiirudisha nyuma taarifa kwa taarifa tutaikuta katika kile kitabu cha serikali ya kikoloni cha mwaka 1961.

Wiki moja baadaye tulipata maelezo ya sajenti aliyekuwapo. Alikuwa mtu wa kuandika kidogo, bila madoido. Aliandika kwamba wavu uliokamatwa ulikuwa wa mwanamke mjane, ulikuwa umeanikwa ukutani mwa nyumba, mkavu. Kwamba mama huyo alipiga kelele. Kwamba wanawake wenzake walikuja kwanza, wanaume baadaye. Kwamba jiwe la kwanza hakuona limetoka wapi kwa kuwa alikuwa akikunja wavu. Hakuona limetoka wapi! Katika miaka yetu yote ya kusoma taarifa hatujakutana na sentensi iliyo ya kweli kuliko hiyo. Yeyote atakayeandika siku moja habari za msimu ule ataikuta taarifa yetu katika magazeti, imepigwa chapa vizuri, na hataikuta ya sajenti, ambayo imekaa katika jalada. Tuliomba masahihisho yatolewe. Tukaambiwa habari imekwisha kupoa.

Watu watasema kwamba kazi ya askari si historia. Kazi yake ni ulinzi na usalama. Tunakubali. Lakini mwaka 1961 palikuwa na konstebo na makarani waliotumwa Kawambwa na Fort Rosebery, mji tunaouita leo Mansa, wakaandika waliyoyaandika kwa haraka, wakiwa na usingizi na hofu, na leo hatuna njia ya kuingia katika siku zile bila kupita mlangoni mwao. Pale konstebo alipoandika alichokiona, mathalani mti ulioanguka, urefu wake, na saa aliyoufikia, tunamshukuru hata kama alikuwa mtumishi wa mkoloni. Pale alipoandika alichotakiwa kukiamini, hatuna cha kumshukuru, hata kama alichokiamini kingekuwa kweli. Wenyewe walioona wanapungua kila msimu wa mvua. Kijana wa miaka ishirini wa mwaka 1961 ni mzee wa miaka zaidi ya themanini sasa, na katika vijiji kati ya Nchelenge na Kashikishi tulihesabu waliobaki na kumbukumbu iliyo timamu kwa vidole, tukabakiwa na vidole.

Kwa hiyo tulirudi kwa wale wawili na karatasi. Tulichukua maelezo yao mbali mbali, kila mmoja nyumbani kwake, kama polisi anavyochukua maelezo ya mashahidi, na juu kabisa ya kila ukurasa tukaandika mahali msemaji alipokuwa mwaka ule: kisiwani Kilwa, dukani, barabara ya Kawambwa. Mzee wa baiskeli alisema kwa saa mbili na akataka tuandike majina yote. Bashikulu wa kisiwani, kama waitwavyo wazee huku, alisema kwa dakika ishirini. Alipomaliza alitutaka tumsomee, maana macho yake hayasomi tena. Tukamsomea taratibu. Tulipofika mahali palipoandikwa "ndipo tulipoanza", aliinua mkono.

"Hapo futa, mwanangu. Sikusema tulianza."

Tukamwuliza alisema nini.

"Wao ndio walioanza, na nyavu za watu. Sisi tulikataa. Andika tulikataa."

Tukalikata neno lile kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, kama sheria ya ushahidi inavyotaka, tukaandika alilolitaka juu yake, naye akatia dole gumba pembeni mwa masahihisho.